Barbara Allen kwenye flashi: duka la nyimbo nyuma ya Ngome ya Lamu

Katika duka dogo la nyimbo lililo kichochoroni nyuma ya Ngome, niliomba wimbo mmoja tu, Barbara Allen wa Waingereza, lakini kwa sauti za waimbaji mbalimbali. Kijana wa dukani aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akanitilia rekodi sita kwenye flashi kwa shilingi 300, bei ambayo siilalamikii.

Wimbo wenyewe ni wa kale, kwani Samuel Pepys, Mwingereza wa karne ya 17, aliutaja katika shajara yake Januari 2, 1666, baada ya kumsikia mwigizaji mmoja wa kike akiuimba. Katika kisa chake, kijana mmoja yu mahututi kwa mapenzi, anamtuma mtu akamwite Barbara, naye anakwenda taratibu, anamtazama, anamwambia kwamba anamwona anakufa, basi. Kosa la kijana ni kuwa alipokuwa akinywa na wenzake aliwatakia heri wanawake wengine, Barbara akamsahau.

Ndugu wawili wa Everly (1958) wanauimba kwa upole, sauti zao zikifuatana kama watu wanaotembea bega kwa bega. Art Garfunkel (1973) ana sauti tamu, ila ala zimemzonga hata mauti hayasikiki. Aliyenikalisha barazani nikarudia mara tatu ni Joan Baez (1961), kwa kuwa neno lile la kifo analitamka bila kupandisha sauti hata kidogo. Kwamba mji wa kisa ni Scarlet Town kwa mmoja na London kwa mwingine hakukunishangaza. Sisi tumelelewa na Fumo Liyongo, ambaye kwa msimulizi huyu anauawa na mwanawe na kwa yule na mpwa wake.

Kasoro ni uangalifu. Rekodi mbili zilikuwa ile ile moja chini ya majina tofauti, na nyingine iliandikwa mwaka 1666, kana kwamba Pepys alikuwa na simu mfukoni. Niliporudi kulalamika, kijana wa dukani alinijibu, “Wimbo si ndio huo huo, mzee wangu?” Hata hivyo alinitilia rekodi ya mwimbaji Shirley Collins bila malipo, nayo ikakatika kabla ya makaburini, pale waridi linapoota juu ya kaburi la yule mpenzi na mwiba juu ya la Barbara.

Nyota tatu kati ya tano. Nenda na vipokea sauti vyako, usikilize kila faili hadi mwisho ndipo ulipe.