AFT ya Jeshi la Marekani: mbio peke yake hazikubebi

Tangu Juni 1, 2025 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani linawapima askari wake kwa AFT (Army Fitness Test, mtihani wa uwezo wa mwili) badala ya ACFT (Army Combat Fitness Test), iliyoanza kuhesabiwa rasmi Oktoba 2022. Jina limepungua herufi moja, na mazoezi yametoka sita yakabaki matano. Mtu akiangalia haraka atasema hakuna jipya. Jipya liko kwenye hesabu ya alama, na linawahusu sana vijana wa Afrika Mashariki wenye ukaazi wa kudumu Marekani wanaojiandikisha jeshini wakitegemea miguu.

Tuanze na kilichotupwa. Zoezi la kurusha mpira wa ratili 10 (kilo 4.5) kinyumenyume juu ya kichwa limeondolewa, na halitakumbukwa. Lilidai kupima nguvu za mlipuko, lakini aliyejua pembe ya kuuachia mpira alimshinda mwenye nguvu kuliko yeye. Kuliondoa kumeokoa uwanja, muda na migongo.

Sasa alama. Kila zoezi lina alama 100, na chini ya 60 katika zoezi lolote umeanguka. Kwa askari wa kawaida, 60 mara tano ni 300, amefaulu, na jedwali lake linazingatia umri na jinsia. Kwa kazi 21 za mapigano, zikiwemo askari wa miguu, vifaru na wahandisi wa medani, jumla inayotakiwa ni 350, na jedwali ni moja kwa wanaume na wanawake. Linalotofautisha ni umri tu. Kiwango hiki kimewekwa kianze Januari 1, 2026 kwa jeshi la kudumu, na Juni 2026 kwa askari wa akiba na National Guard (walinzi wa majimbo). Anayepata 300 lakini asifike 350 anaweza kuhamishiwa kazi nyingine.

Kwa mwenye miaka 17 hadi 21 katika kazi hizo, alama 60 ni kunyanyua ratili 150 (kilo 68), pushapu 15, mzunguko wa kuburuta na kubeba kwa dakika 2:28, planki (kujinyoosha ukijishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu) ya dakika 1:30, na maili 2 (kilomita 3.2) kwa 19:57. Ukikimbia maili hizo kwa 13:22 unapata 100. Kijana aliyelelewa na mbio za Iten au Mbulu atafika akiwa bado ana pumzi ya kupiga soga, lakini akikimbia kwa dakika 10 haongezewi hata alama moja. Piga hesabu: 100 ya mbio na 60 nne ni 340. Bado umeanguka kwa alama 10. Kwa hiyo saa za mazoezi zihamie kwenye chuma.

Kunyanyua kunafanywa kwa chuma cha pembe sita ambacho chenyewe tu kina ratili 60 (kilo 27) kabla ya kuongeza sahani za uzito. Unasimama katikati yake, unanyanyua mara tatu mfululizo, na kila mara unakishusha kwa kukidhibiti. Ukikiachia kidondoke au ukikipumzisha chini, jaribio limekufa. Ukishindwa unapewa jaribio moja tu la uzito mdogo zaidi. Ukifaulu unaweza kujaribu uzito mkubwa mara moja. Wanaofeli mara nyingi huinua nyonga kwanza huku kifua kimebaki chini, mgongo ukabeba kazi ya mapaja. Sukuma ardhi kwa miguu, mabega na nyonga vikipanda pamoja.

Pushapu ni za dakika 2. Kifua kinagusa chini, mikono inanyooshwa pembeni kama msalaba, inarudi chini ya mabega, kisha mwili wote unapanda kwa pamoja. Kifua kikitangulia na kiuno kikafuata, haihesabiwi. Usipumzike ukiwa umelala.

Zoezi linalostahili sifa kuliko yote ni la tatu, ule mzunguko wa kuburuta na kubeba. Ni safari tano za mita 50, kwenda 25 na kurudi 25: kukimbia, kuburuta sleji (kitoroli kisicho na magurudumu) ya ratili 90 (kilo 41) kinyumenyume, kwenda kwa ubavu, kubeba vyuma viwili vya mpini vya ratili 40 (kilo 18) kila kimoja, kisha kukimbia tena. Linafanana na kazi halisi ya kumvuta majeruhi na kubeba risasi. Muda hupotea mahali pawili: kutogusa mstari kwa mguu na mkono, na kugeuza sleji kabla haijavuka mstari yote. Msimamizi anakurudisha na saa haisimami. Kasoro yake ni ardhi: majani makavu, majani mabichi na nyasi bandia havina mkwaruzo mmoja, hivyo sekunde za kambi moja si sekunde za nyingine. Kajaribu sleji kwenye uwanja utakaopimiwa, si kwenye sakafu ya jimu.

Planki ndiyo dhaifu katika huu mtihani. Ilichukua nafasi ya kuning'inia na kupandisha magoti mwaka 2022, na kinachopimwa baada ya dakika ya pili ni uvumilivu zaidi ya nguvu ya tumbo. Ila ndizo alama rahisi kuzipata: ongeza sekunde kumi kila wiki, viwiko chini ya mabega, kiuno kisilegee.

Aliye nyumbani bila jimu asinunue vyuma vya mpini kwanza. Madumu mawili ya lita 20, kila moja likitiwa maji lita 17, yanakaribia kilo 18 kwa mkono. Fedha aiweke kwenye chuma cha pembe sita na sahani, maana ndicho kigumu kukiigiza, na akianze kwa uzito ambao ataurudia mara tano bila mgongo kujikunja kabla ya kufikiria ratili 150.