Darasa la Jumamosi pale Kibokoni: asubuhi nzima kwa neno moja la mezani

Mimi nakodisha vyombo vya shughuli hapa Mombasa: masinia, makombe, sahani, bilauri, mabirika ya kunawia, finjani za kahawa, vijiko, uma na visu. Kwa watu wetu kazi hii haina haja ya Kiingereza. Mama wa bibi harusi hupiga simu akasema, "Mwanangu, nataka masinia 40," na yale asiyoyataja nayajua. Lakini siku hizi napata pia kazi za maofisi na za wageni wa upande wa Nyali, nao hutaka karatasi ya bei kwa barua pepe, kwa Kiingereza.

Karatasi moja ndiyo iliyonipeleka darasani. Niliandika “80 cutleries”. Nilikusudia vijiko 80, maana chakula kilikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Aliyeipokea akaelewa watu 80, kila mmoja na kijiko, uma na kisu chake. Saa saba kasorobo meza zimetandikwa, uma hakuna, kisu hakuna. Nilimtuma kijana na tuktuk hadi stoo yangu Majengo, akavuka Daraja la Nyali kwenda na kurudi katika foleni ya mchana, na wageni wakakaa na njaa. Mteja hakunifokea. Alinionyesha ile karatasi tu, kidole juu ya neno. Hajaniita tena.

Darasa lenyewe ni la Kiingereza cha watu wa biashara ya chakula, ghorofani Kibokoni, Jumamosi nne, saa tatu hadi saa sita, shilingi 4,000. Tulikuwa tisa: wapishi, wahudumu wa hoteli, dada mmoja anayeuza keki, na mimi. Mwalimu ni mzee mstaafu wa hapa hapa mjini.

Jumamosi ya kwanza alitandaza kitambaa, akamimina juu yake vijiko, uma na visu, akaandika ubaoni “cutlery”. Tangu hapo hadi saa sita hatukutoka kwenye neno hilo. Saa ya kwanza nilikereka, naona pesa zangu zinapotea. Kisha akanigeukia.

"Bi mkubwa, unga wauhesabu?"

"La, Mwalimu, naupima."

"Ukitaka wa chapati wasemaje?"

"Kilo mbili za unga."

"Basi Waingereza wamevitia kijiko, uma na kisu ndani ya gunia moja, kama unga. Gunia halina wingi. Ukitaka kuhesabu, tafuta kipimo."

Vipimo ni viwili. “Piece” ni kimoja kimoja, kiwe kijiko, kiwe uma. “Set” ni vyote vya mtu mmoja. Kwa hivyo “80 pieces of cutlery” na “80 sets of cutlery” ni mizigo miwili tofauti kabisa, na ile s niliyoibandika mimi mwisho wa neno haikumwambia mteja ni upi. Nilitamani kusikia hilo mwaka mmoja kabla.

Akatueleza pia tunakopotelea. Sisi tuna chombo na vyombo, na chombo chetu ni kipana: sahani ni chombo, sufuria ni chombo, na jahazi linalotia nanga Bandari ya Kale ni chombo. Neno lao ni jembamba. Halichukui sahani wala kikombe; hivyo ni “crockery”, nalo pia halipokei s. Bilauri ni “glassware”, vivyo hivyo. Mpishi mmoja akauliza kama “cutlery” limetokana na “cut”, yaani kukata. Mwalimu akasema hapana, mfanano wa sauti usitudanganye: limepitia Kifaransa cha kale, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kisu kidogo. Nilipenda kwamba hakujibu kwa kubahatisha.

Tukatunga sentensi kwa mdomo, kila mtu zamu yake. “The cutlery is on the table”: ni “is”, hata mezani pawe na vipande mia. “How much cutlery do you need?”, wala si “how many”, lakini ukishatia “pieces” au “sets”, “many” hurudi. Na kama kilichopungua ni uma, sema “forks”, usijifiche nyuma ya neno kubwa. Mgeni akisema “Could I have some cutlery, please?” mpelekee kisu na uma, na kijiko kikihitajika, usimwekee kijiko peke yake. Mmarekani huenda akasema “silverware” na vyombo ni vya chuma cha kawaida. Hapo mhudumu mmoja alishika kichwa: aliwahi kumwambia mgeni kwamba hoteli yao haina vya fedha, na mgeni alikuwa ana njaa tu.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya “dish”, ambalo ni kombe la kupakulia na pia ni chakula chenyewe, na “the dishes” ni vyombo vyote vya kuoshwa, sufuria ndani yake. Nzuri pia.

Ya tatu sikuipenda. Mwalimu hakuja, akaja msaidizi wake na orodha ya maneno 60 ya kukariri. Hakuna sentensi, hakuna kijiko mezani. Leo nimebaki na maneno kama sita. Darasa hili nguvu yake ni kushika neno moja na kuligeuza pande zote, na siku ile walikiacha wenyewe kile wanachokijua. Tena tulichelewa kuanza mara mbili, feni ni moja kwa chumba kizima, na karatasi walizogawa zimefifia hata mistari ya chini haisomeki. Kwa shilingi 4,000 wangetoa nakala safi.

Hata hivyo ningelipa tena. Mhudumu, mpishi wa shughuli, yeyote anayeandika bei kwa Kiingereza, aende, na awahi kiti cha dirishani. Anayetaka sarufi ya mtihani atafute kwingine.

Karatasi zangu sasa zina mstari huu: “60 sets of cutlery: one knife, one fork and one tablespoon each”. Wiki iliyopita niliituma kwa ofisi moja ya Tudor. Wakajibu jioni ile ile, na swali lao lilikuwa moja: vitambaa vya meza nina rangi gani.