GNU Emacs na AUCTeX: Mikato ya Kibodi kwa Mpanga Chapa

Kwa anayepanga vitabu kwa LaTeX, mfumo wa kupanga chapa kwa amri zinazoandikwa ndani ya matini, GNU Emacs pamoja na nyongeza yake ya AUCTeX ni kihariri kinachostahili subira, hasa kwa sababu karibu kila mkato wa kibodi unaweza kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Mikato ya awali ina mantiki lakini ni mirefu: ili kupata herufi nzito, hubonyezwa Ctrl+C, kisha Ctrl+F, kisha Ctrl+B, mfuatano unaochosha vidole katika mswada mrefu. Dawa ipo, kwani Ctrl+C ikifuatwa na herufi moja ya kawaida imetengwa rasmi kwa ajili ya mtumiaji, na kwa hiyo amri ya tanbihi, jedwali au herufi za mlazo inaweza kuwekwa hapo bila kugongana na amri zilizokuja na programu. Tangu toleo la 29 la Emacs, lililotoka mwaka 2023, amri ya keymap-set, inayounganisha vitufe na amri fulani, hukataa vitufe vilivyoandikwa isivyo sahihi, jambo linalomwokolea mgeni muda mwingi wa kusaka kosa. Kasoro kubwa ya Emacs ni kwamba mabadiliko haya ya mikato huandikwa kwa Lisp, lugha ya programu iliyojaa mabano. Asiyependa mabano atanung'unika. Hata hivyo, faili la mipangilio huhamishika kwa urahisi hadi kompyuta nyingine, nami hulipendelea kuliko dirisha la kubofyabofya.