Wiki tatu za utafiti wa hisabati Lamu: uzoefu wangu

Programu hii ya likizo ya Agosti huwaweka pamoja wanachuo wa shahada ya kwanza na walimu wa sekondari, watu watano kwa kila swali. Kwa hisabati yenyewe naisifu bila kusita. Maandalizi ndiyo yaliyopwaya.

Kundi letu lilipewa bao. Si bao zima la mashimo 32 na kete 64, maana hilo lingetumeza. Tulianza na mashimo mawili na kete nne. Unaokota kete zote za shimo moja na kuzisambaza moja moja. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unaokota zote uendelee. Ikiangukia shimo tupu, umelala. Je, kila mchezo hulala?

Weka kete 3 kushoto na 1 kulia, uanze na zile 3: kulia, kushoto, kulia. Sasa kulia kuna 3, kushoto 1, na mkono haujaishia patupu. Okota hizo 3: kushoto, kulia, kushoto. Umerudi pale pale ulipoanzia, na hutalala kamwe. Lakini ukianza na 2 na 2, kete ya pili inarudi katika shimo uliloliacha tupu na unalala papo hapo. Utafiti wote umo humo: mipangilio ipi hulala, ipi hailali, na kwa nini? Hata mashimo yakiwa manne na kete nane, mipangilio ni 165 tu, inaorodheshwa kwa mkono.

Makundi yaliyokimbilia kompyuta siku ya pili yalikwama. Programu yao ilizunguka bila kukoma, wasijue kama ni kosa lao au ni mzunguko wa kweli. Dawa ni kuhifadhi kila hali iliyokwisha kupitiwa na kusimama inapojirudia. Hali si mpangilio wa kete peke yake. Ni mpangilio pamoja na shimo ambalo mkono umefikia. Ukisahau hilo la pili utatangaza mizunguko isiyokuwapo.

Kasoro kubwa ni kwamba kila alasiri walimu walitengwa kwenda kuandaa mipango ya masomo, na alasiri ndipo uthibitisho ulipokuwa unaandikwa. Hasara hiyo iliwapata wote, kwa sababu mwalimu aliyezoea kuulizwa na kidato cha pili ndiye anayeona haraka hatua iliyorukwa. Waandaaji wawaache walimu mezani, mipango ya masomo ingoje wiki ya tatu.

LaTeX, programu ya kompyuta ya kuandikia hisabati, isakinishwe kabla ya kupanda boti. Ikipakuliwa nzima ni gigabaiti kadhaa, na intaneti ya wageni thelathini kwa mpigo haiiwezi. Beba pia daftari lenye miraba. Majedwali ya kete yanakaa sawa humo.

Wanaotamani programu za REU za Marekani, yaani za utafiti kwa wanachuo wa shahada ya kwanza, zinazofadhiliwa tangu 1987 na NSF, shirika la serikali ya huko la kugharimia sayansi, wasome masharti kwanza: posho ya NSF ni ya raia na wakazi wa kudumu wa huko, ingawa vituo vingine huwa na fedha zao kwa wageni. Pale huombwa barua za wahadhiri wanaokujua kwa kazi yako, na ripoti ya kurasa sita kuhusu bao inampa mhadhiri la kuandika.