Hojaji ya M-CHAT-R/F: maswali 20 kuhusu mwanangu, na sehemu ya pili ambayo sikupewa

Nimejibu hojaji hii ya kutafuta dalili za usonji (autism, hali ya ukuaji inayomtatiza mtoto kuwasiliana na watu) mara mbili kwa mtoto mmoja, katika kliniki mbili tofauti hapa Mombasa, kwa muda wa wiki tano. Mara ya kwanza nilirudi nyumbani na wasiwasi ule ule niliokwenda nao. Mara ya pili nilitoka na barua ya rufaa mkononi. Naandika kwa ajili ya mzazi mwenzangu ambaye atawekewa karatasi hii mezani, ajue aombe nini.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Mikindani. Mwanangu wa pili alikuwa na miezi 22. Alipokuwa na mwaka na miezi mitatu alikuwa akisema "maji" na "dada", kisha maneno yale mawili yakapotea. Mama mkwe alinituliza: "Babake alisema akiwa na miaka mitatu, mwache mtoto." Jirani akanishauri akatwe chini ya ulimi. Mimi nikawa nasimama nyuma yake na sufuria, naigonga kwa mwiko nione kama atageuka. Kwa sufuria aligeuka. Nikimwita jina, hata mara tano, hageuki.

Basi fikirini nilivyoshtuka muuguzi aliponisomea swali la pili: je, umewahi kujiuliza kama mtoto wako ni kiziwi? Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za ile sufuria.

Hojaji yenyewe ilitungwa Marekani na Diana Robins, Deborah Fein na Marianne Barton, kwa ajili ya watoto wa miezi 16 hadi 30. Kazi yake ni kuonyesha ni mtoto yupi anafaa kuchunguzwa zaidi kwa dalili za usonji. Haitoi jibu kwamba mtoto ana usonji au hana. Hailipishwi. Ina maswali 20 ya ndiyo au hapana, na kuyajibu hakuchukui hata dakika kumi. Katika maswali 17, jibu la "hapana" ndilo linalohesabiwa alama. Katika matatu, yaani la 2, la 5 na la 12, alama huhesabiwa kwa "ndiyo". Alama 0 hadi 2 ni shaka ndogo, 3 hadi 7 ni ya wastani, na 8 kwenda juu mtoto anapelekwa kwa wataalamu moja kwa moja.

Kliniki ya kwanza nilipata alama 6. Nikaambiwa ni wastani, niendelee kuzungumza na mtoto, nirudi baada ya miezi sita. Sina kinyongo na muuguzi yule, foleni ilikuwa imefika mlangoni. Lakini yule mtoto angerudi akiwa na miezi 28, na hojaji inakomea 30. Tena kuna jambo ambalo hakuniambia, na sijui kama yeye mwenyewe aliambiwa: mwenye alama 3 hadi 7 hapaswi kurudishwa nyumbani hivi hivi. Kuna sehemu ya pili. Ile herufi F mwishoni mwa jina ndiyo hiyo, yaani "Follow-Up", ufuatiliaji. Kila swali ambalo mtoto amepata alama linarudiwa, safari hii kwa mazungumzo na mifano, ili ijulikane mzazi alikuwa na maana gani.

Niliisikia sehemu hiyo kwa mteja wangu mmoja, mwalimu wa chekechea, nikimpima gauni. Nikatafuta kliniki nyingine.

Huko nilikaa na dada mmoja karibu nusu saa. Tulipofika kwenye swali la 6, kama mtoto huonyesha kwa kidole kimoja anapotaka kitu, aliniuliza: "Mama, akitaka maji anafanyaje?" Nikamweleza. Hunishika kifundo cha mkono, akanivuta mpaka kwenye mtungi, akauweka mkono wangu juu ya kata. Hanitazami usoni. Siku zote nilikuwa nikiwasimulia watu jambo hilo kwa fahari, kwamba mwanangu ana akili, anajua kujieleza. Dada yule aliandika, kisha akanieleza taratibu kwamba mtoto kuutumia mkono wa mzazi namna hiyo ni tofauti na kuonyesha kwa kidole, na kwamba tofauti hiyo ndiyo wanayoitafuta. Nililia pale pale. Hakunikimbiza.

Swali la 3 likaenda upande mwingine. Mara ya kwanza nilisomewa kwa tafsiri ya papo hapo: mtoto hucheza michezo ya kujifanya, kwa mfano kujifanya anazungumza kwenye simu? Nikasema hapana, kwani hana simu ya kuchezea wala mwanasesere. Safari hii nikapewa mifano mingi, mmojawapo kuendesha gari kwenye barabara ya kubuni. Nikakumbuka kandambili. Mwanangu huchukua kandambili ya babake, akaisukuma sakafuni akinguruma kama matatu inayopanda mlima. Alama ile ikafutwa. Ya swali la 12, kama mtoto hukerwa na kelele za kila siku, pia ikafutwa: blenda ikiwashwa huziba masikio, lakini kwa utulivu, halii wala hapigi mayowe.

Nina malalamiko mawili, na yote mawili ni mazito.

Kwanza, sehemu ya pili hurudia tu maswali yaliyopata alama. Ukijibu kwa matumaini, hakuna atakayekuuliza tena. Nakiri kwamba kliniki ya kwanza, nilipoulizwa kama mtoto huitika akiitwa jina, nilisema ndiyo. Siku moja aliwahi kugeuka, nami nikaishikilia siku hiyo. Mara ya pili nikasema ukweli, jumla ikawa 7, na baada ya mazungumzo zikabaki 5. Zikibaki mbili au zaidi, mtoto anapewa rufaa. Kwa hiyo mkijibu, jibuni yale mtoto anayoyafanya kila siku.

Pili, lugha. Swali la kelele linatolea mfano mashine ya kufyonza vumbi. Mtaani kwetu ni nani aliye nayo? Muuguzi anapotafsiri kichwani huku watu wanangoja, kila mzazi anaulizwa swali lake. Kuhusu lile la kumtazama mtu machoni, nimesikia wenzangu wakisema haliendani na adabu zetu, kwa kuwa mtoto wa Kipwani hufunzwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Mimi sikubaliani nao. Mtoto wa miezi 22 hajafunzwa adabu hiyo bado. Dadake katika umri huo alikuwa akinikodolea macho nikimvisha mpaka namaliza vifungo.

Je, inaaminika? Utafiti wa Robins na wenzake uliochapishwa mwaka 2014 ulihusu watoto zaidi ya 16,000 wa Marekani. Kati ya waliochunguzwa baada ya kubaki na alama hata katika sehemu ya pili, asilimia 47.5 walikuwa na usonji, na asilimia 94.6 walikuwa na ucheleweshaji au shaka fulani ya ukuaji. Takwimu hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nisiogope kupoteza nauli. Hata kama usonji haumo, karibu kila mtoto aliyefika hapo alihitaji kuangaliwa.

Wako pia waliofanya kazi hii karibu yetu. Kilifi, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha ukuaji cha watoto wa miezi 6 hadi 35, kinachotazama mwendo wa mwili na kazi za mikono. Uganda, Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake waliongeza maswali ya usonji kwenye hojaji iliyozoeleka ya maswali kumi ya kutambua ulemavu wa watoto, yakawa 23, kwa watoto wa miaka 2 hadi 9. Natamani hayo 23 yangekuwa katika kila zahanati, maana jirani yangu ana binti wa miaka minne asiyesema, na M-CHAT haimhusu tena.

Mwanangu alipimwa masikio kwanza, anasikia vizuri. Kisha wataalamu wakamchunguza asubuhi nzima na kuthibitisha usonji. Sasa tunakwenda kwa mtaalamu wa usemi kila wiki mbili, na nyumbani nimeagizwa niishike kata nisiachie upesi, ningoje anitazame.

Hojaji kamili naipa nyota nne. Ile karatasi ya kwanza peke yake, mbili. Ukijibu maswali 20 ukaambiwa ni wastani, usiinuke kitini. Sema: "Nafanyiwa lini sehemu ya pili?"