Natchez Trace Parkway: barabara isiyo na malori

Mimi ni dereva wa lori, mwaka wa sita sasa, na barabara nazipima kwa mgongo wangu. Hii Natchez Trace Parkway ya Marekani siruhusiwi kuipita nikiwa kazini, maana magari ya biashara yamepigwa marufuku. Kwa hiyo Oktoba nilimchukua mama watoto, tukatoka karibu na Nashville, Tennessee, tukakata kona ya Alabama, tukashuka Mississippi hadi Natchez. Maili 444, bila kulipia, bila bango hata moja la tangazo. Ukimya ule niliuhisi hadi kwenye mabega.

Mapema tu, ukitokea kaskazini, kuna daraja la matao mawili ya zege karibu na Franklin. Simama pembeni ulitazame. Lakini kilichonishika zaidi ni kinamasi cha Cypress Swamp, nguzo ya maili 122: unatembea juu ya njia ya mbao, miti imesimama ndani ya maji tulivu, vigogo vimevimba chini kama mibuyu ya kwetu Tanga. Mke wangu alikataa kuondoka. Tulikaa saa nzima.

Jaza tangi kabla ya kuingia, kwa sababu barabarani kwenyewe hakuna kituo cha mafuta. Lazima uiache barabara uingie mji kama Tupelo. Mwendo wa juu kabisa ni maili 50 kwa saa, na jioni kulungu huvuka ghafla. Mwenye haraka apite barabara kuu ya I-55. Sisi tutarudi Aprili na watoto.