Dillinger wa Runinga au wa Sinema?

John Dillinger, mwizi wa mabenki aliyepigwa risasi Chicago tarehe 22 Julai 1934, ana filamu kadhaa. Ile ya televisheni ya 1991, yenye Mark Harmon, ni fupi na haina makeke. Inakutosha jioni moja.

Public Enemies ya 2009, yenye Johnny Depp, imekwenda hadi Little Bohemia kwenyewe, nyumba ya wageni huko Wisconsin ambako genge lake Dillinger liliwatoroka wapelelezi usiku. Risasi zinavyolia humo, utainama! Lakini historia imepindwa: majambazi wenzake wa enzi hiyo, Pretty Boy Floyd na Baby Face Nelson, wanakufa kabla ya Dillinger, ilhali kweli walimfuata miezi kadhaa baadaye. Hata hivyo, mimi nachukua ya Depp.